Dakika Nne kwa Ndege

Msichana wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Malindi hakunikosea kitu. Alikuwa na meno mazuri, anacheka na kila abiria. Ila aliponirudishia vitambulisho vyetu akasema, "Nairobi ni saa moja tu, mama, hata usingizi hutaupata," nilitaka kumrukia. Ile "tu" yake. Mdogo wangu akanifinya ubavuni kwa mkono wa kushoto, maana ndio alio nao, akaninong'oneza, "Dada, mwache mtoto wa watu." Nikamwacha. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha chuma nikawa nahema mimi peke yangu.

Ukutani palikuwa na kioo kinachoonyesha safari. Malindi, Nairobi, kuondoka, kufika. Kijana mmoja nyuma yangu alikuwa anamweleza mwenzake kutoka kwenye simu yake kwamba ndege haifuati barabara, inakata moja kwa moja, ndiyo maana kilomita zake ni chache. "Angani hakuna kona," akasema. Niligeuka nikamtazama mpaka akanyamaza. Maskini, hakujua amekosea wapi.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nina hoteli yangu ndogo Garsen, karibu na stendi, nauza chai, mahamri, wali na maharagwe. Madereva wa malori ya ng'ombe husema chai yangu haihitaji tangawizi, ulimi wangu unatosha. Lakini hasira ya siku ile haikuwa ya kawaida yangu, ile ya kuunguza maandazi. Ilikuwa ya miezi mingi, na ilianza na "tu" kama ile. Tena iliyotoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Kwetu msafiri haambiwi njia ni ndefu. Marehemu baba alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, na hakuwa peke yake. Waulize wafugaji wanaopita na ng'ombe wao malisho yako wapi, watanyoosha fimbo na kukwambia hapo tu, nawe utatembea siku mbili. Si uongo wa kumdanganya mtu. Baba alisema ukimwambia msafiri njia ni ndefu umemvunja miguu kabla hajainuka. Na mgonjwa ndiyo kabisa, huyo huthubutu kumwambia. Hata hotelini kwangu nilikuwa hivyo. Anayeuliza Minjila namwambia hapo tu, na ni kweli. Anayeuliza Bura namwambia hapo tu, na si kweli, na wote wawili wanamaliza chai yao wanaondoka na moyo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mto ulifurika mwaka ule kama unavyofurika, ila safari hii ulikuja mara moja. Mdogo wangu ameolewa kijiji cha chini huko, ng'ambo ya pili. Analima mpunga na migomba, na msimu wa kiangazi anasuka mikeka. Mikeka yake ilikuwa inaulizwa mpaka Malindi. Niliposikia maji yameingia mashambani nilipata mtumbwi nikaenda kumtoa. Nikamkuta yeye na mumewe wamehamia kwenye kilima cha shule pamoja na kijiji kizima, kuku, mbuzi, magodoro, vitu vyote juu ya madawati. Akakataa kuondoka. "Mbegu zangu ziko hapa," akasema, "nikiondoka nitapanda nini?" Nikamtukana kidogo, nikakaa naye. Usiku wa pili mkondo ukawa mkali, ukafunga na njia niliyojia.

Asubuhi yake, jua ndiyo linachomoza, mdogo wangu alitia mkono ndani ya gunia la mbegu za mpunga kuangalia kama zimepata unyevu. Kifutu alikuwa ndani. Nyoka naye alikuwa amekimbia maji, kama sisi, akatafuta pakavu. Alimuuma mkono wa kulia, hapa kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mdogo wangu hakupiga hata kelele. Alitoa mkono akautazama, akasema, "Lo! Dada, nimeumwa."

Mumewe, shemeji yangu, alimuua yule nyoka kwa jembe. Sisi tukamlaza mdogo wangu kwenye meza ya mwalimu, tukamvua bangili kabla mkono haujavimba. Tulijua hospitali ya Ngao ina dawa ya sumu ya nyoka. Hilo kila mtu kwetu analijua, kama unavyojua kisima kiko wapi. Lililobaki ni kufika. Na boti ya injini ya pale kijijini ilikuwa imeondoka jana yake kupeleka wazee, haijarudi.

Redioni walikuwa wanatangaza nambari ya simu ya bure ya waliozingirwa na mafuriko. Shirika moja, jina silitaji, wana helikopta. Tulikuwa tumeiona ikipita mara mbili, tatu, watoto wakiishangilia. Nikapanda juu ya tanki la maji la shule ambako mtandao unashika, nikapiga. Haukushika vizuri. Nikashuka nikajaribu dirishani, karibu na meza alipolazwa, pale ukashika. Laiti ningebaki kule kwenye tanki.

Kijana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, mwenye adabu. Nikamweleza. Mwanamke, ameumwa na nyoka, kifutu, tunamjua, mkono unavimba. Akaniuliza jina la kijiji, nikamtajia. Akaniuliza hospitali gani iliyo karibu, nikasema Ngao. Kisha akauliza, "Kutoka hapo mlipo hadi hospitalini ni mbali?"

Mdogo wangu alikuwa amegeuza uso ananitazama. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu ya upepo. Mkono tayari umekuwa kama muhogo, umeanza kumeta, na macho yake yanauliza swali lile lile la yule kijana. Jamani, mngesema nini? Nilimtazama mdogo wangu machoni nikasema kwa sauti ya kumtia nguvu, "Si mbali. Ni hapo tu."

Nikasikia anabofyabofya. "Sawa, nimepaona kwenye ramani," akasema. "Ni kilomita kumi na nne. Kwa ndege hiyo ni dakika nne. Mama, hiyo injini haitakuwa hata imepata moto. Ndege tuliyo nayo ni moja, na tunaipeleka kwa walio mbali. Nyinyi tumieni mtumbwi, mtafika sasa hivi."

Nikatoka nje nikikimbia na ile simu. Nikamwambia hapana, baba, hukunielewa, ni mbali, ni mbali sana, hizo kilomita zako ni za ndege, sisi si ndege. Katikati kuna mto wenyewe unavuta, kuna mashamba yaliyozama, kuna vichaka vya mathenge chini ya maji vyenye miiba ya kutoboa mtumbwi, kuna viboko. Tunazunguka. Siku nzima, nikamwambia, itatuchukua siku nzima! Akanijibu bila kupandisha sauti: "Lakini mama, umesema mwenyewe si mbali. Simu hizi zinarekodiwa." Nilimwambia nilisema vile kwa sababu mgonjwa alikuwa anasikiliza. Akasema ataandika maelezo yangu ya pili chini ya yale ya kwanza. Halafu mtandao ukakatika, na nilipopiga tena nikaimbiwa wimbo.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Mdomo wangu haukuponza kichwa changu. Uliponza mkono wa mwenzangu, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Lakini sikubali kuubeba mzigo huu peke yangu. Mtu ana ramani mbele yake, ana rangi ya bluu inayoonyesha maji, ana sauti ya mwanamke anayelia, halafu anashika neno moja la adabu analifanya hati ya kiapo! Kama angekuwa mtoto wa huku angejua "hapo tu" si kipimo cha kitu chochote. Na kama dakika nne ni kidogo hivyo, si ndiyo sababu ya kuja? Ebo! Kitu kikiwa rahisi ndiyo unakataa kukifanya?

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Shemeji alisimama nyuma na pondo, jirani yao mbele na kafi, mimi katikati nimempakata mdogo wangu. Mkono wake nimeulaza juu ya kanga iliyokunjwa mapajani mwangu. Nisikuchosheni na safari. Tulizunguka kilima cha kwanza, tukarudishwa na mkondo, tukapita juu ya mashamba ya watu tukiona vichwa vya migomba. Mara mbili tulishuka majini kuutoa mtumbwi kwenye miiba. Kiboko mmoja alitufanya tukae kimya nyuma ya kichuguu hadi akachoka na sisi. Na njia nzima, Mungu nisamehe, njia nzima nilikuwa namwambia mdogo wangu, "Tumekaribia, ni hapo tu." Alianza kuniitikia kwa kichwa. Baadaye akaacha kuniitikia.

Kiasi cha saa sita hivi ndege ikaja.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Shemeji akatupa pondo chini akavua shati akaanza kulipunga, jirani anapiga mayowe, mimi nimemshika mgonjwa mtumbwi usipinduke. Ikashuka. Haki ya Mungu ilishuka, maji yakachezacheza, kanga zikapepea, nikaona mtu mlangoni amekaa miguu nje. Nikamwona kabisa! Na mdogo wangu, ambaye kwa saa nzima alikuwa hata hazungumzi, akajiinua kwa kiwiko. Akaunyanyua ule mkono. Akaunyanyua juu kadiri alivyoweza, umevimba hadi begani, vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine, ngozi imeanza kuwa nyeusi, akaushikilia hapo juu ukitetemeka ili wauone.

Yule mtu mlangoni akainua kitu mbele ya uso wake. Kisha akatupungia, na ndege ikainuka ikaenda zake.

Tulifika Ngao jua linazama. Wale watu wa hospitali walitukimbilia na kitanda hadi majini, siwezi kuwasema vibaya. Dawa ilikuwepo, wakampa. Daktari alituambia ukweli: dawa inazuia sumu isiendelee, haifufui nyama iliyokwisha kufa. Mngefika asubuhi, akasema, halafu akaona uso wangu akanyamaza. Siku chache baadaye barabara ilipopitika alipelekwa hospitali kubwa zaidi, na huko mkono ukakatwa chini kidogo ya kiwiko.

Mpunga hauoteshwi kwa mkono mmoja. Jaribuni, mtaona. Mkeka ndiyo usiseme, ukili unataka mikono miwili inayoelewana. Ukili wake wa mwisho, nusu pima, bado umening'inia ukutani kwake na hataki mtu auguse. Mimi nilijitolea kummalizia akacheka: "Wewe? Utausuka kwa hasira, mtu akiulalia ataota vita." Ndivyo alivyo. Aliyepoteza mkono anacheka, na aliye na mikono miwili ndiye asiyelala.

Ndipo ikaja barua. Shirika lile lile! Wanaandaa mkutano Nairobi kuonyesha kazi waliyofanya wakati wa mafuriko. Wangependa mwathiriwa mmoja kutoka Tana River aje azungumze, na ndugu wa kumsindikiza. Watatuma gari hadi Garsen kutuchukua, na tiketi za ndege. Ndege! Nilisoma ile barua nimesimama mbele ya jiko, maziwa yakachemka yakamwagika. Dakika nne walikuwa hawana. Saa moja wameipata. Niliikunja niitie motoni na mdogo wangu akanipokonya.

"Tutaenda," akasema.

"Kufanya nini? Kuwashukuru?"

"Nataka kuona ndege kwa ndani," akasema. "Kwa nje nishaiona."

Basi tukaenda. Kiti chake kilikuwa cha dirishani na mkanda nilimfunga mimi. Alitazama chini njia nzima, mimi nikatazama kiti cha mbele. Tukala karanga. Kweli ilikuwa saa moja, yule msichana hakudanganya, na hilo nalo likanikera.

Ukumbi ulikuwa hotelini, hoteli za wenzetu, si kama yangu. Mazulia, maji kwenye glasi, watu wenye vitambulisho shingoni. Mwenyeji wetu, bwana mmoja mpole, alimweleza mdogo wangu aseme mambo matatu: anatoka wapi, nini kilimpata, na shukrani. "Kwa ufupi tu, mama." Nikang'ata ulimi. Akatupeleka viti vya mbele, na hapo ndipo tulipoliona.

Lilikuwa bango la turubai, refu kuliko mtu, limening'inizwa ukutani nyuma ya mahali pa kuzungumzia. Picha iliyopigwa kutoka juu. Maji ya kahawia kila upande, mtumbwi mmoja, mwanamume ameshika shati, mwanamke mnene ameinama, huyo ni mimi. Na katikati, uso umeelekea juu, mdogo wangu ameinua mkono. Chini wameandika: "Furaha ya mkazi wa Tana akipungia ndege ya msaada."

Nilisimama. Yeye akaniketisha kwa kunivuta kanga. Alikuwa anaitazama ile picha hajapepesa jicho. Akaniambia polepole, "Dada, huo ni mkono wangu." Nikasema ndiyo. "Sina picha nyingine ya mkono wangu," akasema. Ilikuwa kweli. Huku kwetu nani anapiga picha mkono?

Walizungumza watu wengi. Walionyesha ramani, mistari inayotoka mji mmoja hadi mwingine, kilomita, dakika. Mmoja alisema kwa fahari kwamba hakuna mahali katika eneo lile palipo mbali na ndege yao kwa zaidi ya nusu saa. Watu wakapiga makofi. Nilihesabu vifungo vya shati la mtu aliyekuwa mbele yangu ili nisifanye jambo.

Kisha wakamwita. Alipanda akasimama chini ya bango, mkono wa gauni uliofungwa fundo ukining'inia. Akasema anatoka wapi. Akasema aliumwa na nyoka. Alipofika kwenye shukrani akageuka akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye picha.

"Aliyepiga picha hii yupo humu?"

Bwana mmoja kando ya ukuta, kamera kifuani, akainua mkono anatabasamu. "Ni mimi, mama. Karibu Nairobi."

"Asante. Nilikuwa nataka kukuuliza. Siku ile mlikuwa mbali na sisi?"

"Ah, hapana!" Alifurahi kuulizwa. "Tulishuka kabisa. Tulikuwa hapo tu juu yenu. Niliona hata maua ya kanga yako."

"Hapo tu," mdogo wangu akasema, kwa upole, kama mtu anayethibitisha njia aliyoelekezwa. Akatikisa kichwa kukubali. "Basi sikuwa nikikupungia, baba. Nilikuwa nakuonyesha mkono."

Tabasamu la yule bwana lilibaki usoni bila kujua liende wapi. Mwenyeji wetu alianza kuinuka, kipaza sauti kikapiga mluzi, na mimi tayari nilikuwa jukwaani. Sikumbuki kupanda ngazi. Nilishika lile bango kwa juu nikalivuta, kamba moja ikakatika, ya pili nikaifungua kwa meno.

"Mama, samahani," mwenyeji akasema, "hiyo ni mali ya ofisi."

"Picha ni ya ofisi," nikamwambia. "Mkono ni wa kwetu."

Nikaikunja mkunjo wa mkeka. Mdogo wangu akaikumbatia kwapani, na kwa mkono uliobaki akanifungulia mlango.